Mlakasa si kiazi kitamu, acheni kuupanda kama marando

Masika yameingia na najua wengi huku Lamu, Shela na Kipungani, mnataka kupanda mlakasa, ule mmea unaotambaa kwenye mchanga wa pwani, mbele ya minazi ili mchanga usiwaingilie shambani. Jambo zuri sana, lakini kabla hujashika jembe nisikize kwanza, maana kila msimu ni yale yale, mtu anakata vipande vifupi, urefu wa shubiri moja na kidogo, anavisimamisha kwenye mchanga nusu chini nusu juu kama anavyopanda marando ya viazi vitamu, vibarua wanalipwa, na wiki mbili hazijaisha shamba zima limejaa vijiti vikavu. Halafu lawama ni kwa mmea, eti haushiki.

Naelewa inakotoka hiyo. Mlakasa na kiazi kitamu ni ukoo mmoja, hata ua ni la umbo lile lile, sasa mtu anaona akijua kupanda kimoja ashajua vyote. Lakini kiazi unakipanda kwenye tuta la udongo unaoshika maji, huu unaupanda kwenye mchanga ambao saa saba mchana huwezi kuukanyaga bila ndara. Ng'oa kimoja cha hivyo vilivyokufa ukitazame vizuri: juu kimesinyaa, chini pale jani linapoanzia, kwenye kifundo, hakuna hata mzizi mmoja, na mchanga uliokizunguka ni mkavu mpaka mwisho. Mlakasa mizizi yake inatoka kwenye vifundo. Kifundo kisipoguswa na mchanga wenye unyevu hakitoi kitu hata ukisomee dua.

Kwa hivyo kipande kiwe cha sentimita 60 mpaka 100, chenye vifundo 5 au zaidi, kikatwe kwenye tawi lililokomaa, ile ncha laini iache. Chimba mfereji wa sentimita 15, ingiza mkono, usikie ubaridi na mchanga ushikane ukiuminya. Bado mkavu? Shuka mpaka 20, na kama hata huko hakuna kitu basi rudi nyumbani usubiri mvua, usipande kwa sababu vibarua washafika! Kipande KILAZE, narudia, kilaze, fukia vifundo 3 au 4, acha kama sentimita 20 tu nje upande wa kuendea mbele, kisha kanyaga mchanga ushikane. Mita moja kati ya kipande na kipande, mstari wa pili upishane na wa kwanza.

Wakati nao muhimu. Panda mvua ikishanyesha siku mbili tatu mfululizo, jioni baada ya saa kumi, na ulichokata leo kipandwe leo, kikiwa kinasubiri kiweke kivulini chini ya gunia lililoloa. Wale wa kupanda Januari na kaskazi inavuma na jua lile, sijui huwa mnafikiria nini. Mvua ikikatika mwagia maji ya kisima kila baada ya siku mbili kwa wiki mbili za mwanzo. Maji ya kisima, si ya bahari, mmea mkubwa unavumilia chumvi lakini kipande kisicho na mizizi hakiwezi.

Mstari wa kwanza uanzie juu ya pale maji ya bamvua, yale yanayojaa sana, yanapoacha mwani na takataka, sogea juu mita mbili tatu hivi kutoka hapo. Chini yake utakuwa unalisha bahari.

Wenye kutumia mbegu, ganda lake ni gumu, sugua kwa msasa mpaka uone weupe ndani kisha loweka usiku kucha.

Na jamani mkienda kukata, msinyoe mlima mzima. Chukua tawi moja uache mawili, mizizi ya shina mama usiiguse, hasa kwenye milima ya mchanga ya Shela kwa sababu maji matamu wanayokunywa watu wa mji wa Lamu yamehifadhiwa chini ya mchanga huo huo, na mlakasa ni mmoja wa mimea inayoushikilia.

Ukiona majani mapya wiki ya tatu au ya nne, ushashika. Punda wa kubeba mchanga wapitishieni njia nyingine mpaka matawi yafunike mfereji wote, maana kwato zao zinafukua vile vifundo mlivyofukia.