Kurudia omena baada ya kukutapisha

Omena zikikutapisha, ubongo huunganisha ladha yake na kichefuchefu, hata kama saa kadhaa zilipita katikati. Mwanasaikolojia John Garcia na wenzake walionyesha chuki hii kwa panya mwaka 1955. Sehemu ya ubongo iitwayo insula hutunza ladha, nyingine iitwayo amigdala huipa ubaya.

Subiri tumbo litulie kabisa. Pika omena mbichi za siku hiyo, onja nusu kijiko cha chai, umeze, kisha uache. Rudia kesho au keshokutwa, ukiongeza kidogo tu. Usijilazimishe sahani nzima: ukitapika tena, chuki huongezeka nguvu.

Hapa ndipo wengi hukata tamaa. Kumbukumbu ya zamani haifutiki. Ubongo hujenga nyingine juu yake, ya kwamba ladha hii ni salama, na gamba la mbele la ubongo husaidia kuizuia ile ya kwanza. Kwa hiyo ukikaa wiki kadhaa bila kuonja, chuki inaweza kurudi yenyewe. Uliyezoea jikoni kwako Kayole unaweza kukinai tena kibandani Gikomba, kwa hiyo onja mahali tofauti. Ikirudi, anza tena na nusu kijiko.

Midomo ikivimba au ngozi ikitoka vipele, huenda ni mzio: acha, umwone daktari.