Kabla ya kwenda nyumbani likizo, fikiria malaria

Ndugu zangu mnaoishi Ulaya na Marekani, likizo ikikaribia tunawaza tiketi na zawadi, malaria hatuiwazi. Wengi husema, "Mimi nimekulia Tanga, malaria itanifanya nini?" Kinga ya mwili uliyoipata kwa kuugua mara kwa mara utotoni hupungua ukikaa miaka kadhaa mbali na malaria. Watoto waliozaliwa huko ughaibuni hawana kinga hiyo kabisa, na hao ndio wanaonitia hofu zaidi.

Mwone daktari wiki 4 hadi 6 kabla ya safari, akuchagulie dawa ya kujikinga kulingana na umri na afya ya kila mmoja. Kisha imalize! Mchanganyiko wa atovakuoni na proguanili huendelea kumezwa siku 7 baada ya kuondoka eneo lenye malaria, doksisaiklini wiki 4. Wengi huacha dawa wakishapanda ndege, kumbe vimelea huenda bado vimo ndani ya mwili. Usiku lala ndani ya chandarua chenye dawa, hata kama mwenyeji wako anasema mtaani kwao hakuna mbu.

Ukisharudi, ukapata homa, hata miezi kadhaa baadaye, usimeze panadoli ukalala. Nenda hospitali siku hiyohiyo na useme mwenyewe, bila kusubiri kuulizwa: "Nimetoka Tanzania, naomba nipimwe malaria." Daktari asiyeiona mara kwa mara anaweza kudhani ni mafua, na malaria kali huua ndani ya siku chache.