Sindano ya homoni pamoja na tiba ya kinga: uliza haya kwanza
Mimi ni nesi wa wodi ya saratani. Wazee wengi wenye saratani ya tezi dume wakisikia "tiba ya kinga" (inayoamsha kinga ya mwili ipigane na saratani) hudhani sasa wanaachana na sindano ya homoni. Hapana, kwa kawaida sindano inaendelea, kwa sababu hushusha testosteroni, homoni ya kiume: ikipanda, saratani hiyo hupata nguvu.

Kabla ya kukubali, omba uvimbe upimwe vinasaba. Pembrolizumab, dawa mojawapo ya tiba ya kinga, huwafaa zaidi wale ambao uvimbe wao una kasoro ya kurekebisha DNA (kwenye majibu huandikwa MSI-H), nao ni wachache. Kuichanganya na enzalutamide, dawa ya kuzuia homoni ya kiume, bila kuchagua wagonjwa kulijaribiwa kwenye utafiti wa KEYNOTE-641, hakukurefusha maisha. Basi muulize daktari bila aibu: "Kipimo changu kimeonyesha nini?"

Sipuleucel-T, tiba nyingine ya kinga iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2010, ni ya wale ambao homoni imeshindwa na dalili ni chache. Seli zako za kinga hutolewa, hufundishwa maabara, kisha unarudishiwa, mara tatu, kila baada ya wiki mbili hivi. PSA, kipimo cha damu cha kufuatilia tezi dume, mara nyingi haishuki, usishtuke.

Weka daftari kando ya kitanda. Andika dalili zako: wimbi la joto la ghafla na jasho, mara nyingi ni sindano ya homoni. Kuharisha, kikohozi kipya au kukosa pumzi, huenda ni tiba ya kinga: piga simu hospitali siku hiyohiyo, wala usijinunulie dawa ya kuzuia kuharisha.