Kubadhi lenye mto: namna ya kumtengenezea mtu anayeumwa na kisigino

Kubadhi la kawaida ni bapa. Anayesimama kutwa juu ya saruji, kisha asubuhi hatua za mwanzo kisigino kikamchoma, ubapa huo ndio unaomzidishia: kano pana iliyo chini ya wayo, itokayo kisiginoni kwenda vidoleni, inavutwa kila hatua bila ya kitu cha kuiegemeza.

Vitandiko vya dukani vya kuchomeka vimekusudiwa viatu vya kufunika. Kwenye kubadhi vinateleza, na mtu wa Unguja au Pemba anavua viatu mara ngapi kwa siku? Msikitini, kwake, kwa jirani. Kwa hiyo mto uwekwe ndani kabisa, chini ya ngozi ya juu, wakati kubadhi linatengenezwa.

Pima baada ya alasiri, mguu umeshajaa kidogo. Mteja asimame kwa miguu yote miwili juu ya karatasi. Akikaa, utapata mguu mfupi kuliko ulivyo. Zungusha penseli ikiwa wima. Kisha alowanishe wayo na akanyage karatasi ya kaki. Alama ikitoka nzima, mguu ni bapa. Ikikatika katikati, mguu una mvungu mkubwa, yaani wayo umeinuka katikati. Fanya kulia na kushoto mbalimbali, kwani aghalabu haifanani.

Mto ukate kwenye champali (ndara) mpya, ile sponji yake ngumu. Sponji ya godoro haifai, inalala siku hiyo hiyo. Bonyeza kwa kidole gumba: ibonyee kidogo na irudi.

Mto uanzie chini ya kisigino, unene wa milimita 4, uinuke hadi kilele mbele ya kisigino upande wa ndani, kisha ushuke na kuisha sentimita 1 kabla ya kile kinundu cha nyuma ya dole gumba, pale mguu unapokunjika. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mto ukifika kwenye kinundu, dole halikunjiki vizuri na maumivu yanahamia mbele.

Kilele kiwe milimita 8 kwa mguu wa kawaida, 10 kwa wenye mvungu mkubwa. Mguu bapa mpe 5 au 6 tu. Mafundi hudhani mguu bapa ndio unaotaka mto ulioinuka sana. Ukimpandishia sana atajihisi amekanyaga jiwe. Penye maumivu makali chini ya kisigino, chonga kishimo cha upana wa sentimita 2, kina milimita 2. Chonga kwa msasa namba 80, malizia kwa 120, mpaka kingo ziwe nyembamba kama karatasi. Kukibaki ngazi, ngozi itaionyesha na wayo utaihisi.

Gundi paka nyembamba pande zote mbili, chini ya mto na juu ya soli, ngoja dakika 10 hadi 15 mpaka isinate kidoleni. Wakati wa masika ngoja zaidi. Ukiwahi, mto utabanduka kwa jasho. Gonga kwa nyundo kutoka katikati kwenda kingoni, hewa itoke.

Matundu ya mikanda usiyakate bado. Mteja asimame kwanza juu ya mto, ndipo upime mkanda: mguu umeshanyanyuka, na mkanda uliopimwa kwenye ubapa utambana. Kisigino kikicheza, ongeza kamba ya nyuma.

Ngozi ya juu igandishe kingoni tu, usishone. Avae muda wa saa moja siku ya kwanza, aongeze saa moja kila siku. Uchovu wa mvungu wiki ya kwanza ni kawaida. Pakibaki pekundu nusu saa baada ya kuvua, fungua, ondoa milimita 1 mahali hapo, rudisha. Wiki ikipita salama, shona.

Mwenye sukari aliyepoteza hisia miguuni usimkisie: hasikii pale panapomchuna, na kidonda kinaweza kuanza bila ya yeye kujua. Mwelekeze kliniki kabla hujashika msasa.