Somo: Namna ya kuipa programu yako jina

Wengi hukosea mwanzoni kabisa: wanakaa chini kutafuta jina zuri. Majina mazuri ni mengi, ila karibu yote yana wenyewe. Kazi hii ni ya kukata zaidi kuliko kubuni, kwa hiyo jiandae kuachana na jina ulilolipenda.

Hatua ya 1: Jina la muda

Programu ikiwa bado jikoni lazima iitwe kitu. Windows 95 ilipokuwa inatengenezwa iliitwa Chicago. Chagua jina ambalo hutaumia kulitupa, lakini pia lisikutie aibu, maana majina ya muda yana tabia ya kung'ang'ania. Mwaka 1991 Linus Torvalds alitaka mfumo wake wa kuendeshea kompyuta uitwe Freax. Ari Lemmke, aliyeuweka kwenye seva ili watu waupakue, hakulipenda jina hilo. Akafungua folda, akaiandika linux. Folda ikashinda.

Hatua ya 2: Andika majina 30 bila kuchagua

Yatoe popote. Debian, mfumo wa kompyuta wa mwaka 1993, ni Debra na Ian, yaani mwanzilishi wake Ian Murdock na mpenzi wake wa wakati huo. My kwenye hifadhidata ya MySQL ni binti wa Michael Widenius, na alipoanzisha nyingine, MariaDB, ikawa zamu ya mdogo mtu, Maria. Wengine hufanya utani: GNU, mradi wa programu huria ulioiga mfumo wa Unix, kirefu chake ni "GNU si Unix", na ukiuliza hiyo GNU ya ndani ni nini, unarudishwa mwanzo. Lugha ya programu ya Python nayo haihusiani na chatu. Mtunzi wake, Guido van Rossum, aliwapenda Monty Python, wachekeshaji wa Uingereza.

Hatua ya 3: Mtihani wa simu

Hapa ndipo nilipoumia mimi. Programu yangu ya kutunza hesabu niliiita Thamani. Kwenye karatasi ilipendeza. Nikampigia rafiki: "Fungua simu, tafuta Thamani, uipakue." Kimya kidogo, halafu: "Naona vitanda na makabati tu, wewe siku hizi unauza fanicha?" Alikuwa ameandika Samani. Nikawapigia wengine wanne, wawili wakafanya vilevile.

Tangu siku ile, jina lenye th, dh au gh nalipima mara mbili, na lenye r na l zilizokaribiana nalikata palepale. Mtamkie mtu mara moja, usimtajie herufi. Akiandika sawasawa, jina limepita.

Hatua ya 4: Mtihani wa kutafuta

Liandike kwenye mtandao uone kinachokuja. Lugha ya programu ya Go, ya Google, ina jina fupi na tamu, lakini ukiitafuta unaletewa kila sentensi ya Kiingereza yenye neno hilo. Ndiyo maana watu huandika golang. Google wanaweza kuvumilia usumbufu huo. Wewe na mimi tutapotea.

Hatua ya 5: Nani analimiliki?

Hatua hii usiiruke hata kama una haraka. Sheria ya alama za biashara haiangalii herufi tu, inauliza kama mteja anaweza kuchanganya bidhaa mbili. Kivinjari kilichotoka mwaka 2002 kwa jina la Phoenix kilikutana na kampuni ya Phoenix Technologies. Mwaka 2003 kikaitwa Firebird, kumbe kulikuwa na hifadhidata yenye jina hilo, na wenyewe wakaja juu. Februari 2004 ndipo kikawa Firefox. Lugha ya programu ya Java nayo mwanzo iliitwa Oak, kwa sababu ya mti uliokuwa nje ya ofisi ya mtunzi wake, James Gosling. Lilikuwa na mwenyewe pia.

Anza na rejesta ya alama za biashara ya nchi utakakouzia, kisha maduka ya programu, kisha anwani ya tovuti. Watu huanza na tovuti kwa sababu ni rahisi, halafu hulia baadaye.

Hatua ya 6: Namba za matoleo

Amua mapema, basi. Ubuntu, mfumo wa kompyuta unaotokana na Linux, hutumia mwaka na mwezi: 4.10 ni Oktoba 2004. Donald Knuth, yeye kila toleo jipya la TeX, programu yake ya kupanga maandishi ya vitabu, linaongeza tarakimu moja ya pai (3.14...). Usimwige.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nikichukua jina linalokaribiana na programu maarufu si nitapata watu haraka?

Jibu: JavaScript, lugha ya kurasa za tovuti, ilifanya hivyo. Ilianza kama Mocha, ikawa LiveScript, na Desemba 1995 ikapewa jina la sasa kwa sababu Java ilikuwa inavuma. Mpaka leo wanafunzi wanauliza kama ni kitu kimoja. Halafu kumbuka, Netscape, walioitengeneza, walielewana na Sun, waliokuwa wenye Java. Wewe umeelewana na nani?

Swali: Jina la Kiswahili halitanifungia soko la nje?

Jibu: Ushahidi, programu ya Kenya ya kukusanya taarifa za wananchi kwenye ramani, imetumika nchi nyingi tangu 2008 bila kubadili jina. Ubuntu nayo, ambayo ni ndugu wa "utu" wetu, imezoeleka dunia nzima. Mgeni hahitaji kujua maana, anahitaji kuweza kulitamka. Jina lenye ng' ndilo litakalokusumbua.

Swali: Mwalimu, programu naiandika mimi, ila jina limesajiliwa na kampuni iliyoniajiri. Kuna shida?

Jibu: Ipo. Gerald Combs alianzisha Ethereal, programu ya kuchungulia data inayopita kwenye mtandao wa kompyuta. Mwaka 2006 alihama kazi. Msimbo ulikuwa huria, akaondoka nao. Jina likabaki kwa mwajiri wa zamani, ikabidi aanze upya na Wireshark. Ongea na bosi wako wiki hii, mkiwa bado mnasalimiana vizuri, na makubaliano yawe kwa maandishi.