Kupiga hesabu ya joto la diski ya gesi, na kuutafuta msukosuko uliojificha

Diski ninayoizungumzia ni gesi inayoizunguka nyota kibete nyeupe (kiini kidogo kizito kinachobaki nyota ikizeeka) huku ikizama kidogo kidogo, kama ile ya SS Cygni, jozi ya nyota ambayo mwanga wake huongezeka ghafla mara kwa mara. Gesi ya ndani huenda kasi kuliko ya nje. Matabaka yakisuguana kwa msukosuko, nishati ya kuanguka hugeuka joto. Lahajedwali inatosha kwa kazi hii.

Hatua ya 1: vipimo. Mita, kilo, sekunde, basi. Makala nyingi za fani hii zimeandikwa kwa sentimita na gramu, ukichanganya umekwisha. Tuchukue nyota yenye tungamo la Jua (GM, yaani kigezo cha mvutano G mara tungamo M, = 1.327×10²⁰), nusu kipenyo R₀ = 5.5×10⁶, na gesi inayoingia Ṁ = kilo 10¹³ kwa sekunde.

Hatua ya 2: joto linalotoka kila mita ya mraba, kwa upande mmoja wa diski:

D = 3GMṀ / (8πR³) × [1 − √(R₀/R)]

Kwa R = 10⁸, yaani kilomita laki moja kutoka katikati, utapata wati 1.21×10⁸.

Mabano yale usiyaruke. Karibu na uso wa nyota gesi hupunguzwa mwendo, tofauti ya kasi kati ya matabaka inakwisha, na msuguano nao unakwisha. Niliwahi kuyaacha nikidhani ni nakshi tu. Huku nje hasara ni ndogo, lakini kwa R = 10⁷ nilipata kelvini 40,900 mahali panapostahili 29,150. Jioni nzima niliimaliza nikikagua safu isiyo na kosa.

Hatua ya 3: halijoto. Gawa D kwa 5.67×10⁻⁸ (kigezo cha Stefan-Boltzmann, kinachounganisha joto linalotoka na halijoto), kisha chukua kipeuo cha pili mara mbili. Kwa R = 10⁸ ni kelvini 6,800 hivi. Kwenye halijoto za kiasi hiki haidrojeni huanza kupoteza elektroni na diski hukosa utulivu. Miripuko ya SS Cygni chanzo chake ndicho hicho.

Hatua ya 4: msukosuko uko wapi? Rudia kuitazama fomula. Mnato, yaani ule msuguano unaoletwa na msukosuko, haumo! Msukosuko ukiwa mkali, gesi hupita upesi na kubaki chache. Ukiwa dhaifu, gesi hurundikana. Kinachopita kwa sekunde ni kile kile, basi na joto ni lile lile. Ukitaka kuujua msukosuko, uliza muda.

Wanafizikia wa anga Shakura na Sunyaev, mwaka 1973, waliandika mnato kuwa ν = αcH: c ni kasi ya sauti, H unene wa diski, na α ni namba inayoonyesha ukali wa msukosuko. Weka c = 15,000. Gesi inazunguka kwa √(GM/R), yaani 1.15×10⁶, na H = Rc ukigawa kwa kasi hiyo: 1.3×10⁶. Sasa R²/ν ndio muda wa gesi kuzama:

α = 0.01: siku 590
α = 0.1: siku 59
α = 0.2: siku 30

Mripuko wa SS Cygni huisha ndani ya wiki chache, kwa hiyo 0.01 itupe. Wanaopima miripuko ya namna hii hupata kati ya 0.1 na 0.4. Mnato wa kawaida wa molekuli haukaribii hata kidogo. Wanafizikia wa anga Balbus na Hawley walionyesha mwaka 1991 kwamba uga sumaku dhaifu unatosha kuivuruga gesi inayozunguka hivi.

Ukiendelea hadi kuigiza kipande kidogo cha diski kwenye kompyuta, bila uga sumaku unaokipenya kutoka nje, mara nyingi utaangukia α ya 0.01 au pungufu, chini ya ile ya vipimo. Usikimbilie kufuta programu yako; wenzako nao wanaangukia hapo hapo.