Usimnyang'anye mtu simu akiwa anaita 911, namba ya dharura ya Marekani: kwa mnaotoka Bukavu kwenda Texas

Wiki hii niko Bukavu, kwa mama mdogo hapa Nyawera, tunaaga familia inayoenda Houston. Wazee wameshauri juu ya kazi, juu ya watoto wasisahau Mashi, lugha yetu, lakini ya simu hakuna aliyeigusa, basi naiandika mimi juu nimekaa Texas na nimeona vile inavunja nyumba za watu.

Kodi penali ya Texas, ni kusema sheria ya makosa ya jinai, kifungu 42.062, inasema ukimzuia mtu kwa kujua asiite polisi wakati anaogopa kupigwa sasa hivi, hilo ni kosa peke yake. Hata kama haukumpiga. Kumpokonya simu, kuikata, kuipasua, yote ni mamoja, na usiseme simu ni wewe uliinunua, haisaidii kitu. Adhabu inaweza kufika mwaka 1 jela na faini ya dola 4,000, na kama ulishahukumiwa kwa kosa hilo mbele, inapanda kuwa siku 180 mpaka miaka 2. Sheria haiangalii mume ao mke, hata mtu unakaa naye tu chumba.

Kuna ndugu tunasali naye, waligombana na bibi yake, ni kusema mke wake, usiku, bibi akapiga 911, yeye akaichukua ile simu akaikata, akaiweka mfukoni mwa suruali, akasema tutaongea asubuhi ukitulia. Kwetu huyo ni mwanaume mpole kabisa. Bibi akatoka miguu wazi mpaka kwa jirani, na polisi walipoingia simu ilikuwa inaita mle mfukoni, ni 911 wenyewe wanapiga kuuliza juu simu yao ilikatika.

Ndugu akashtakiwa, halafu baba mkubwa wake wa Kadutu, hapa Bukavu, akaanza kumpigia bibi kila siku, toa mashtaka, toa mashtaka. Wazee wangu, tafazali, kule kesi si ya bibi, ni ya jimbo, prokireri, mwendesha mashtaka, ndiye anaamua kuiendeleza ao kuiacha. Na hakimu mara nyingi anakataza mshtakiwa kuongea na bibi, kwa hiyo ukimtuma baba mkubwa unaweza kujiongezea kesi ya pili.

Ukikamatwa, sema jina lako na uombe avoka (wakili), hauna pesa watakupa mmoja, usianze kueleza. Usikubali kosa ili utoke haraka! Kama hauna uraia, kukubali kosa la ugomvi wa nyumbani kunaweza kukurudisha Kongo, na tangu 2010 Korti Kuu ya Marekani imesema avoka lazima akuelezee hiyo hatari mbele ya kukubali, muulize mwenyewe.

Na wewe unayezuiliwa simu: ficha simu nyingine yenye chaji, isiwe ya zamani sana, hata haina laini wala forfait inapiga 911, ila hawawezi kukupigia tena, kwa hiyo adresi ndiyo ya kwanza kusema. Kiingereza hakipo? Sema "Swahili" tu, watatafuta mkalimani kwenye simu. Huku Bukavu wezi wakiingia usiku tunapiga sufuria avenue yote inaamka, kule sufuria yako ni hiyo simu.

Leo asubuhi nimemwandikia mama wa ile familia adresi ya apartima yao kwenye karatasi, ameisoma kwa sauti mara tano, bwana yake amekaa pale pale anamrekebisha namba.